Usingizi Uliotuama Chini ya Chupa

Nyinyi mnaosomea maabara siku hizi, nawasikia mkinong'onezana kwamba mzee huyu ni mwoga. Ni kweli, mimi ni mwoga, na uoga huo ndio ulionilisha miaka yote niliyokaa na chupa na karatasi. Mpimaji dawa asiyeogopa mpeni jembe akalime. Akikosea, litaharibika shamba tu.

Juzi mjukuu wangu aliniuliza, "Babu, hata dawa ya kikohozi ni ya kuogopwa? Si sukari tu ile?" Nikamwambia kaa chini. Basi nanyi kaeni.

Kazi yangu ilikuwa Garsen, miaka ya hamsini, katika zahanati ya vyumba viwili vya bati. Nyuma yake palikuwa na kibanda tulichokiita maabara kwa kujipa moyo. Ndani yake palikuwa na meza moja, jiko la mafuta ya taa, mizani iliyofunikwa kwa kitambaa kwa sababu ya vumbi na mchwa, mtungi wa kioo wenye kifuniko, na faneli ya kutenganishia, ile yenye tumbo juu na bomba chini. Faneli hiyo niliilinda kuliko miguu yangu, maana mguu ukivunjika unaungwa.

Ukitaka kujua dawa ya maji imebeba nini, usitazame rangi. Rangi ni nguo, na nguo mtu yeyote huweza kuazima. Sisi tulitumia karatasi. Unakata utepe wa karatasi ya kuchujia, unadondosha tone la dawa karibu na ncha ya chini, na ubavuni mwake tone la kitu unachokijua kwa hakika. Unauning'iniza ndani ya mtungi wa kioo, ncha yake iguse kiyeyushi kilicho chini, kisha unafunika. Kiyeyushi kinapanda polepole kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi, na kinavikokota vitu vilivyomo kwenye tone. Kila kimoja kinachoka mahali pake. Ukishakausha na kunyunyizia dawa ya rangi, madoa yanatokea, nawe unalinganisha. Doa likiwa na mwenzake, unashukuru. Doa lisilo na mwenzake likitokea, chakula cha mchana hakishuki.

Bwana Salimu, mchanganyaji wa dawa zetu, alinitania kila alipoona tepe zangu zikikauka dirishani. "Komora, yeo waanika nguo za nani?" Alikuwa mtu wa Kipini, kofia ya vito, ile ya kudariziwa, haimtoki kichwani, na ulimi wake wa pwani ulikuwa laini hata anapotukana. Yeye ndiye aliyenifundisha kuinusa chupa kabla ya kuigusa, na kumtazama mgonjwa vidole kabla ya kumtazama uso. Sikuwahi kuwa na mwalimu mwingine kama yeye, na nasema hivyo nikijua ninayokwenda kuwaambia.

Ile faneli nilifundishwa Mombasa. Siku ya kwanza nilipewa dawa ya kikohozi nzito kama asali. Niliitia pamoja na klorofomu, nikaziba, nikatikisa kwa nguvu zangu zote za ujana. Lahaula! Ikawa povu moja jeupe lisilo na juu wala chini. Mkubwa wangu alikuja, akatazama, akasema, "Tulikuomba upime dawa, wewe umetupikia siagi." Siku iliyofuata nilitikisa kwa adabu, lakini nikasahau kufungua bomba kutoa hewa. Kizibo kiliruka, kikagonga dari, kikamwangukia yeye yeye. Tangu siku hiyo jina langu likawa Mzinga.

Kwa hiyo shikeni hili: dawa yenye sukari haitikiswi ndani ya faneli. Inapinduliwa taratibu, kama unavyombembeleza mtoto, na kila ikiwa imepinduka, bomba juu, unalifungua hewa itoke. Kisha unaiweka kwenye kishikio na kungoja. Klorofomu ni nzito, inakaa chini, na kile unachokitafuta kimehamia kwake. Unafungua bomba, unaikamata klorofomu peke yake, unaikausha juu ya maji ya moto. Kinachobaki kwenye kibakuli ndicho ukweli.

Sasa nije kwenye lile lililonifanya niwe hivi.

Mwaka mmoja mto ulifurika, barabara ya Malindi ikakatika, na dawa ya kikohozi tuliyokuwa tukiletewa haikuja. Baridi ya mafuriko ikaingia vifuani mwa watoto. Ukipita Tarasaa unasikia kikohozi, ukienda Golbanti unasikia kikohozi. Bwana Salimu hakuweza kuvumilia kuwarudisha akina mama mikono mitupu. Kwenye kabati palikuwa na mchanganyiko wa amonia wa kulainisha makohozi. Palikuwa pia na maji ya mofini, binti yake afyuni, ambayo tone lake dogo hukituliza kikohozi kikavu. Akavichanganya, akatia shira, akajaza chupa.

Kila kimoja kilikuwa chema peke yake, na kipimo chake kilikuwa sawa. Lakini amonia na mofini hazipatani ndani ya maji. Amonia huisukuma mofini nje, nayo hugeuka chembe nyeupe, ndogo kuliko chumvi, ambazo hutuama chini. Bwana Salimu alilijua hilo vizuri sana. Ndiyo maana alimwambia kila mtu, mkubwa kwa mdogo, "Tikisa chupa kabla ya kumimina, na umalize dawa yote." Katika wodi ya hospitali alikotoka, wauguzi walitikisa kabla ya kila kijiko, na hakuna mgonjwa aliyedhurika. Lakini wodi si huku kwetu, mto Tana.

Nyinyi wa mifereji hamtaelewa bila kuelezwa. Maji ya mto wetu ni mekundu. Unayateka, unayamimina mtungini, unayaacha. Matope yakishuka, unachota ya juu kwa kata, mkono mwepesi, bila kuyaamsha ya chini. Mtoto akiutikisa mtungi anapigwa kofi, na hata bibi yake hamtetei. Sasa mama wa namna hiyo mpe chupa umwambie atikise. Atakuitikia, "Ewaa, daktari," maana ana adabu. Akifika nyumbani ataona weupe umekaa chini, na mkono wake utakataa. Nani atamvurugia mtoto mgonjwa matope? Atamimina ya juu, polepole, kama alivyofundishwa na mama yake.

Mimi ni mzaliwa wa Golbanti na sikuliwaza hilo hata mara moja. Mimi sikuchota mtungini mwenyewe, nililetewa kata ikiwa imejaa.

Asubuhi moja akaja Galgalo. Alikuwa Mworma, mfugaji, mrefu, na alikuwa amembeba binti yake Hawa begani. Nilidhani mtoto amelala. Galgalo akamlaza juu ya meza ya Bwana Salimu kwa upole, kisha akasimama wima, fimbo mkononi.

"Mtoto nalala," akasema. "Jana jioni nalala. Mimi naita, mama naita, hapana amka."

Bwana Salimu alimgusa paji la uso. "Homa ya kichwa hini," akasema haraka, haraka mno, "twawaona wengi." Kisha akamfunua kope, nami nikiwa nyuma yake nikaona mboni ya jicho. Ilikuwa ndogo kama ncha ya sindano, alama ya mtu aliyeleweshwa na afyuni. Bwana Salimu aliirudisha kope chini, na mkono wake ukabaki palepale juu ya uso wa mtoto.

"Dawa alikunywaje?" akauliza.

Galgalo alieleza. Kila siku alimimina ya juu, taratibu. Mtoto akazidi kukohoa, mkewe akasema dawa ya Garsen ni maji matupu. Ilipofika mwisho, kikabaki kile cheupe cha chini, akatia maziwa ndani ya chupa, akasuuza, na Hawa akanywa yote. "Sisi maziwa hapana mwaga," akasema. "Kibuyu nasuuza, nakunywa. Na wewe ulisema maliza."

Akaitoa chupa kwenye nguo yake. Ilikuwa safi, imeoshwa na maziwa mpaka inang'aa.

Bwana Salimu alikwenda kabatini, akashusha chupa nyingine ya mchanganyiko uleule, iliyokuwa imekaa siku hizo zote bila kuguswa. Aliibeba kwa mikono miwili, kama anayebeba yai. "Komora, nitazamie hini," akaninong'oneza. "Nambie si miye, mwanangu. Nambie si miye."

Nilivuta ya juu kwa mrija wa kioo, nikaitia kwenye faneli. Kisha nikavuta ya chini kabisa, pamoja na zile chembe, nikaiweka kando ingoje zamu yake. Karatasi ingechukua muda mrefu mno, na mle ndani mtoto alikuwa akivuta pumzi moja, halafu kimya, halafu unasahau kama utaisikia nyingine. Nilitia amonia, nikatia klorofomu iliyochanganywa na spiriti kidogo, maana mofini haikubali klorofomu peke yake. Hofu inataka kutikisa, vijana. Mikono yangu ilitaka kuitikisa faneli ile mpaka ipasuke. Nikajiambia kwa sauti, "Bembeleza, Mzinga, bembeleza," nikaipindua taratibu na jasho linanidondoka puani.

Nilikausha ya juu, nikadondosha dawa ya rangi, ile inayogeuka zambarau ikikutana na mofini. Ikabaki manjano iliyopauka. Nikakausha ya chini, nikadondosha. Zambarau ilitokea papo hapo, ikakolea mpaka ikakaribia kuwa nyeusi.

Siku hizi mna mashine inayowachorea vilima kwenye karatasi, na kilima kikiwa kirefu mnajua dawa ni nyingi. Nimeonyeshwa, nikaisifu. Lakini mashine inapima ulichoitilia. Ukitikisa chupa kabla ya kuipima, kama vitabu vinavyoagiza, dawa ile ya Bwana Salimu ingefaulu hata leo. Pimeni ya juu na ya chini. Iacheni chupa ikae kama inavyokaa kwa watu. Halafu nendeni mkamwone mama anavyoimimina, na mkifika huko msijifanye mabwana wakubwa, ombeni maji ya kunywa kwanza.

Nilirudi na vibakuli vyangu viwili. Nikaviweka mbele yake. Bwana Salimu alivitazama, akavua kofia yake, na ndiyo mara ya kwanza nilipoona upara wake. Kisha akaivaa tena na kuanza kazi. Alimpandisha Hawa mikono juu ya kichwa na kuishusha kifuani, juu na chini, ili hewa iingie. Aliagiza kahawa chungu, akamtilia kwa kijiko. Alimpiga nyayo. Alimwagia maji baridi usoni. Alipochoka akanipa mimi, akanifundisha mwendo wenyewe: usiharakishe, mfuate mwenyewe anavyovuta, na akisahau mkumbushe.

Nilikuwa nimeishika mikono ile midogo, napandisha na kushusha, ndipo nikakumbuka.

Kwangu Golbanti kulikuwa na chupa. Bwana Salimu alinipa kwa mkono wake mwenyewe, kwa ajili ya binti yangu Rahabu. Nilipoondoka nyumbani ilikuwa imebaki kidogo. Na mke wangu Naomi ana mkono mwepesi kuliko wanawake wote wa mto ule.

Sijui nilipiga kelele gani. Najua tu Galgalo aligeuka akanitazama, na Bwana Salimu akanipokonya mikono ya mtoto. "Rahabu?" akauliza. Nikaitikia kwa kichwa. "Nenda! Na kila kijiji upitacho, wapigie ukelele wamwae dawa. Huku nyuma ntapeleka tarishi Tarasaa. Nenda, mwanangu, nenda!"

Nilichukua mtumbwi wa zahanati. Mto uliofurika si mto, ni nchi nyingine, hujui njia iko wapi na shamba liko wapi. Viboko walikuwa wamehamia kwenye migomba ya watu. Mamba mmoja aliniambaa karibu mpaka nikaona meno yake, nami mtu mwoga sikumwogopa, maana nafasi ya hofu ilikuwa imejaa tayari. Kila nilipoona moshi wa nyumba nilipiga ukelele, "Mwageni dawa ya Garsen! Mwageni dawa!" Mzee mmoja alinijibu kutoka kwenye dungu la kulindia mpunga, "Umelewa, Komora?" Nikamtukana. Mzee wa rika la baba yangu nikamtukana, Mungu anisamehe.

Maana swali lilikuwa moja tu, nalo lilikwenda na kasia: ya chini ameifanya nini? Maji yakiisha mtungini, matope yanamwagwa. Naomi atamwaga. Kwa nini asimwage? Kila siku anamwaga. Nikipiga kasia upande huu nasema amemwaga, nikipiga upande wa pili nasema hakumwaga.

Nilifika jua likiwa bado juu. Naomi alikuwa nje, anaanika vyombo. Aliponiona aliweka kidole mdomoni. "Taratibu, Baba Rahabu. Leo ndiyo kwanza amelala bila kukohoa."

Kati ya vyombo alivyoanika palikuwa na chupa, imepinduliwa, safi.

"Ya chini ulimwaga?" nikauliza. "Naomi, ulimwaga?"

"Ningemwaga utamu, na nyumba haina hata punje ya sukari?" akasema. "Alikuwa analia. Nikasuuza kwa maji kidogo, nikampa, akanyamaza. Kuna nini?"

Nilimpita. Rahabu alikuwa kwenye mkeka, amelalia ubavu. Nilimfunua kope. Mboni ilikuwa ncha ya sindano.

Sitawaeleza kila kitu. Naomi alipoelewa alinipiga kifuani kwa ngumi, akasema, "Umemletea mwanao sumu kwa mkono wako!" kisha akafuta macho akakimbia kwa jirani kuomba kahawa. Nilipandisha mikono, nikashusha. Nikapiga nyayo. Nikatia kahawa kwa kijiko. Akisahau kuvuta pumzi, nikamkumbusha, kama nilivyofundishwa juu ya mwili wa mtoto wa mtu mwingine. Naomi akinipokea mimi namwaga maji, mimi nikimpokea yeye anaomba. Tuliogopa pamoja hivyo mpaka jogoo wakawika. Mwishowe nilipotia kijiko tena, Rahabu alinibana kidole kwa meno, akapiga yowe la hasira la mtoto aliyeonjeshwa uchungu. Naomi akaketi chini na kuangua kicheko, na mimi nikamfuta Rahabu kahawa kidevuni.

Aliponyonya embe na kulilia la pili, nikajua amerudi. Naomi akasema nikapumzike. Lakini sikuweza kulala kabla sijajua ya Garsen, basi nikarudi kwenye mtumbwi.

Galgalo alikuwa ameketi kwenye baraza ya zahanati, fimbo juu ya magoti, nguo yake imechafuka udongo mbichi mpaka viwikoni. Ndani mlikuwa kimya. Kwa mlango niliona mgongo wa Bwana Salimu, amepiga magoti kwenye mkeka wake na kichwa hakiinui. Sikuhitaji kuuliza. Nilisimama chini ya ngazi.

Galgalo aliniona. Alinyanyuka, akashuka mpaka nilipo. Nilidhani atanipiga, na ningemwacha anipige.

"Mtoto yako?" akauliza.

Nilitaka kudanganya. Wallahi, mimi Mkristo naapa kwa kiapo chake, nilitaka kumwambia wangu naye amekufa, ili tuwe sawa. Ulimi ukakataa.

"Mzima," nikasema.

Aliinamisha kichwa. "Alhamdulillahi," akasema. Kisha akanishika bega kwa mkono wake wenye udongo, akanigeuza kuelekea mtoni.

"Rudi nyumbani," akaniambia. "Mama yake naogopa peke yake."